Vifungo vya Nakre Mgongoni mwa Nadine

Maman Nadine,

Tangu tukuzike kule Gitambi, watu wa soko la Kamembe wamezoea kuniona peke yangu kwenye meza yetu ya vifungo, zipu na nyuzi. Mwanzoni walikuulizia. Sasa wananunua na kwenda zao. Nakuandikia kwa sababu binti yako ameolewa, na ni haki yako kujua ilivyokuwa.

Vile vifungo vyeupe ulivyokuwa unakataa kuuza, vya marehemu baba yako aliyeshonea watu Bukavu wakati wa Wabelgiji, vimetumika. Kila mteja aliyeviulizia ulimwekea kimoja shavuni. "Unasikia baridi? Plastiki haina baridi ya hivi. Hii ni nakre." Kisha ulimweleza, hata kama ana haraka, kwamba chaza wa baharini ana mwili laini, kwa hiyo anaipaka nyumba yake kwa ndani, tabaka juu ya tabaka, mpaka ganda linang'aa rangi zote. Kwamba watu waliyazamia maganda hayo, yakakatwa kuwa vifungo vya mashati ya matajiri, mipini ya visu, shanga za rozari, hadi plastiki ilipokuja kuiua kazi hiyo. Habari ya lulu kuwa tone la umande lililomezwa na chaza usiku wa mwezi uliisimulia ukicheka. Na siku uliyorudi kutoka Uvira na ganda la ziwani, ukanifunulia ndani likimetameta: "Ona, hata ziwa ya kwetu inajua kutengeneza." Ulifurahi siku nzima.

Nadine alitaka vifungo hivyo mgongoni mwa gauni la harusi. Wewe mwenyewe ulikubali, ukiwa hospitalini. Nikavipeleka kwa fundi.

Siku ya kujaribu gauni, mama mkwe wake, Maman Bahati, alivuka mpaka kutoka Bukavu. Aliviona, akarudi nyuma.

"Hapana. Bibi harusi akivaa lulu, atalia ndoa yote. Kwetu batu banajua."

Nikamjibu kwa heshima, "Maman, hii haiko lulu. Ni nyumba ya lulu."

"Nyumba na mwenyewe ni kitu moja."

Fundi akaweka mkasi chini.  Wewe ungepata la kumjibu. Nadine alikuwa ametugeuzia mgongo, anajitazama kwenye kioo. Akasema polepole, "Maman, kama ni machozi, miye nilishayamaliza kwa kaburi. Acha vishike nguo tu."

Maman Bahati alichukua kikoba chake akatoka. Jioni hakupiga simu, wala kesho yake. Tuliendelea kupika na kualika bila kujua kama upande wa pili utakuja.

Walikuja. Maman Bahati alishuka garini wa kwanza, akatusalimu, basi. Pale mlangoni mwa kanisa, wimbo wa kuingia umeshaanza, nikaona kifungo kimoja kimelegea, kinaning'inia. Na mimi, muuza nyuzi, sikuwa na sindano. Maman Bahati akafungua kikoba, akatoa sindano iliyokwisha kutungwa uzi mweupe. Akapiga magoti nyuma ya mkwe wake, akashona.

"Sijabadilisha mawazo," akasema. "Lakini akiivaa, isianguke."

Akakata uzi kwa meno. Kwaya ilirudia ubeti wa kwanza ikitungoja.

Nadine hakulia kanisani. Mimi nililia wakati wa picha, kidogo, nikajisogeza nyuma ya wajomba waliotoka Nzahaha.

Sasa anakaa Bukavu na ana mimba. Nilipovuka juzi kuchukua mzigo nikapita kwao. Maman Bahati alinipa chai. Katika mazungumzo akasema kwamba mtoto akizaliwa, mama wa mke ndiye huja kumwogesha. Halafu akakumbuka, akatazama kikombe. Nikamwambia, "Nitakuja miye." Akaitika kwa kichwa.

Kwa hiyo nakuahidi, dada yangu wa sokoni. Siku ikifika nitaifunga meza, wateja wangoje. Maji ya mtoto nitayapima kwa kiwiko, kama ulivyonionyesha alipozaliwa Grâce wangu. Pumzika.

Maman Grâce