Mama, Acha Kumlaumu Mutheu

Mama yangu mpendwa,

Salamu nimeziruka makusudi. Nikianza kukuuliza habari za mbuzi na za mvua ya Machakos nitapoa, nami leo sitaki kupoa. Juzi shangazi alinipigia simu kunipa pole, eti kwa kuwa dada yangu alitaka kukuua kwa dawa. Alitaka kukuua! Mutheu huyu huyu, aliyekuogesha kwa mikono yake siku tisa hospitalini Houston. Umemwambia shangazi, umewaambia akina mama wa kanisa la huko, na akina mama wa huku Dallas umewatumia ujumbe wa sauti wa dakika sita kwenye group la WhatsApp. Basi nami nakujibu hapo hapo kwenye group, tena kwa Kiswahili badala ya Kikamba, ili kila aliyekusikia wewe anisome na mimi, hata Mama Espérance, Mkongomani wetu wa Haltom City.

Nianze na lile kopo, maana lilinichosha tangu siku ya kwanza. Ulifika kwangu Cedar Hill, hata viatu hujavua, ukatoa dawa zote kwenye chupa zake na kuzimimina ndani ya kopo moja la majani ya chai. Ulisema chupa zinajaza mkoba bure. Nikapiga kelele, nikakuonyesha majina yaliyobandikwa, ukanikatiza: "Mimi navijua kwa rangi. Cheupe cha asubuhi, cha pinki cha kukojoa. Kwani mimi ni mtoto?" Miezi mitatu ukikaa kwangu, miezi mitatu kwa Mutheu kule Pearland nje ya Houston, kwa zamu, na kopo likisafiri nawe garini, likilia kama kayamba kila tukikanyaga breki.

Lakini wewe na dawa mmeanza mbali. Unakumbuka tulipokuwa wadogo, Mutheu akishikwa na homa tulimeza sote? Ulikata kidonge kwa kisu cha mboga, nusu ya mgonjwa na robo yangu mimi mzima, "isije ikakurukia". Vidonge vya dispensari ulivigawa kama chapati, mradi kila mtu apate. Nilipomaliza masomo ya unesi ulilia, na nilipopata ruhusa ya kuandika dawa mwenyewe ukawatangazia watu kwamba mwanao sasa ni daktari. Nimekusahihisha mpaka nikachoka. Mimi ni nesi, Mama. Napima, naandika dawa, na yupo daktari anayesimamia kazi yangu.

Siku moja ulikuja kliniki ukakaa kwenye kona kunitazama. Kila mgonjwa wangu huja na mfuko wenye kila kitu anachomeza: dawa ya hospitali, ya dukani, mitishamba, hata zile alizoletewa na mgeni ndani ya sanduku kutoka nyumbani. Anamwaga mezani, tunazipitia moja moja, nasoma majibu ya figo, ndipo naandika. Asiye na mfuko namrudisha nyumbani akaulete. Nilipomrudisha mzee wa watu mbele yako ulicheka mpaka ukafuta machozi. "Huyu binti ni mkali kuliko askari wa mpakani," ukasema.

Sasa huyo mkali alikuwa wapi Jumapili ile?

Tulikuwa tumetoka ibadani, ukashindwa kupanda gari. Ulishika mlango kwa mikono miwili ukaita jina la mama yako, kisha ukanigeukia. "Ndunge, haya magoti yatanimaliza. Wewe si unaandikia watu wa nje? Na mimi ni nani?" Nikatoa simu. Nilikuandikia meloksikam, dawa ya maumivu, kidonge kimoja kila siku, nikaituma kwa duka la dawa tukiwa palepale nje ya kanisa, hata gari hatujaliwasha. Faili sikufungua, kwa sababu kwangu hukuwa na faili. Kopo sikukuambia ulimwage. Nilijua unameza dawa ya presha na ile ya kupunguza maji mwilini, ulizopewa na kliniki ya Pearland zamu yako ya kwanza kwa Mutheu. Na kila nesi anayeandika dawa anajua kwamba ukipachika dawa ya maumivu ya aina ile juu ya hizo mbili, figo za mama wa miaka sabini na moja zinaweza kulemewa. Nilijua, Mama. Nilijiambia ni wiki mbili tu. Kisha nikaongeza nyingine, na nyingine, kwa kuwa ulikuwa unatembea vizuri, na ulinipikia muthokoi huku unaimba, na mimi nilifurahi kuwa binti aliyekuponya.

Ukaenda Pearland na kopo lako. Wiki ya kwanza tu ukaharisha, ukawa hunywi maji ya kutosha, magoti nayo yakauma. Mutheu akakupa ibuprofen ya dukani siku mbili. Hakujua kwamba mle ndani kuna vidonge vya njano vya kutoka kwangu. Mimi sikumwambia, wewe hukumwambia. Siku ya tatu mkojo ukagoma.

Niliendesha gari saa nne na zaidi bila kusimama. Nilipoingia chumbani daktari alikuwa anaeleza kwamba figo zimepigwa na dawa za maumivu, na akauliza kama kuna kingine unachotumia. Mutheu alikuwa ameegemea ukuta na sare yake ya kazi, analia. "It's me," akasema. "Nilimpa ibuprofen. Mimi, nesi mzima, nilimpa mamangu ibuprofen na anaharisha." Nilifungua mdomo niseme. Wewe ukaniwahi. Ulimjibu daktari kwa Kiingereza chako cha shule kwamba hakuna dawa nyingine, ukanikazia macho mpaka nikaufunga.

Mutheu alipotoka kukutafutia uji ulinishika mkono. "Nyamaza," ukasema. "Wewe ndiye watakunyang'anya kazi, na watoto wako bado wadogo. Mutheu ni mkubwa, atabeba."

Nikanyamaza. Nilichukua kopo nikaingia nalo bafuni, nikavichambua vile vya njano kimoja kimoja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, nikavitia mfukoni usije ukavirudia. Daktari aliyekuwa anakutibu sikumwambia kitu. Mtoto wa mgonjwa wangu angenificha jambo hivyo, ningemfokea mpaka majirani wasikie.

Figo zako zilirudi, namshukuru Mungu, ingawa si kama zamani kabisa. Nilidhani uongo wetu utaishia Houston. Kumbe ulifika nao nyumbani ukaanza kuuamini, sasa unausimulia hata kwa watu ambao hawajakuuliza, na simu za Mutheu hupokei. Mama, unanichosha! Ulisema atabeba, ukamtwika, halafu ukamgeuzia mgongo kana kwamba mzigo ulikuwa wake. Unajua anaishije? Kazini anakagua kidonge mara tatu, akifika kwenye mlango wa mgonjwa anarudi kukikagua tena, mpaka mkubwa wake amemshauri achukue likizo. Wiki iliyopita aliniomba nikuulize kama akikutumia picha za wajukuu utazifungua.

Hata hapo nilinyamaza. Aliyenitoa kwenye ukimya ni Mama Espérance, na amenipa ruhusa niandike haya. Jumapili alinifuata mpaka kwenye gari, mguu anauburuta. "Docteur, na miye unisaidiye. Ile dawa ya njano, mama yako alinipatiaka ine, ikanisaidia sana. Alisema ni weye ulimuandikiaka. Niandikiye basi."

Vidonge vinne! Ulikuwa unagawa, Mama! Umeacha kugawa lini? Nilimuuliza anameza nini kingine. Akataja ya presha, kisha ile ya kupunguza maji. Zile zile zako. Nilimwambia siandiki kitu hapo, aje Jumatatu kliniki na mfuko wake. Akanuna. "Kwa mama yako haukukatalaka," akasema, akaondoka akiuburuta mguu.

Alikuja. Kabla hajafungua mfuko nilimwambia ukweli kuhusu vile vidonge na kuhusu hospitali, naye akamwaga kila kitu mezani bila kuambiwa mara ya pili. Figo zake ni nzima. Magoti tunayatibu kwa njia nyingine, na bado ananilalamikia kwamba ni ya polepole.

Alipoondoka niliingia ofisini kwa daktari anayenisimamia nikamweleza yote, kuanzia kwenye parking ya kanisa mpaka bafuni. Hakunifokea, na hilo lilinitisha zaidi. Amesema ni lazima taarifa ifike kunakohusika. Sijui kama nitabaki na ruhusa yangu ya kuandika dawa. Naogopa, sikufichi, lakini sitaki ulipeleke jambo hilo kwenye maombi ya akina mama wa huko kabla ya kufanya ninalokuomba.

Kisha nikampigia Mutheu nikamweleza langu, lako sikuligusa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akaniuliza kwa sauti yake ya kazini, "Milligrams ngapi? For how long?" Nikamjibu, kumi na tano, wiki nane. "Na ulisimama pale ukaniangalia nikilia," akasema, akakata.

Sasa mimi pia hanipokelei, na ana haki. Simu yako ataipokea hata kabla haijalia mara mbili, maana ni miezi mitano anaisubiri. Usimpigie kumwambia kwamba umemsamehe, Mama, hana alichokukosea cha kusamehewa. Wala usimwambie kwamba mimi nimekiri, hilo analo tayari. Yeye hayumo kwenye group hili, na bado anaamini kwamba wewe ulidanganywa kama yeye. Mwambie ulijua, na kwamba uliamua ni yeye atakayelaumiwa. Mimi nimesema langu mbele ya group zima, hilo lako siwezi kukusemea kwake.

Nakupenda, na nimekukasirikia, na vyote viwili ni vya kweli.

Kitinda mimba wako, niliyekuandikia bila kukuuliza,
Ndunge