Mchungwa wa Nyuma ya Jiko

Kitaluni kwa baba yako,
Jumapili, 14 Machi

Mpendwa binamu,

Salamu nyingi, na pole na kazi za ugenini. Hujambo wewe, na nyumba nzima hawajambo? Lile jino limetulia, au bado unatafuna upande mmoja kama mbuzi mzee? Sisi huku wazima. Mimi mgongo unaniuma kwa kujaza udongo kwenye vifuko vya miche, lakini ndiyo kazi inayotulisha, nashukuru.

Baba yako ni mzima. Nalisema mapema usije ukasoma barua hii moyo ukikudunda. Ila amepita kipindi kigumu, na najua yeye hatakwambia.

Chama cha wenye vitalu, anachokiongoza, ni mtoto wake wa pili baada yako, na mtoto huyo alikuwa anamfia mikononi. Watu waliacha kuja mikutanoni. Viti anapanga mwenyewe, chai anachemsha mwenyewe, kisha tunakaa yeye, mimi, katibu wetu Bi Waridi, na makamu mwenyekiti tunayemwita Kobe kwa mwendo wake. Mjomba alikuwa akihutubia viti. Akirudi nyumbani anamwagilia miche iliyokwisha kumwagiliwa. Nilimhurumia sana, maana hakuna mwanachama aliyepata shida asifikiwe na baba yako. Mwenye wadudu alipelekewa dawa, aliyekosa wanunuzi alitafutiwa. Nikawaita wote wasio na shukrani, na majina mengine ambayo siyaandiki.

Sasa sikiliza yaliyotupata. Miche ya michungwa ilianza kujikunja majani na kutoka madoa ya njano. Kwetu, si kwa jirani. Kanuni ya chama unaijua, baba yako ndiye aliyeitunga: vikonyo tunavyobebeshea miche, vile vijitawi vya kuunga kwenye mche mchanga, vikatwe kwenye mti uliokaguliwa tu, na atakayeona ugonjwa kwake aache kuuza na awatangazie wenzake. Nilimuuliza vikonyo alivitoa wapi. Akanionyesha kwa kidevu ule mchungwa wa nyuma ya jiko, alioupanda marehemu mama yako.

Alitaka machungwa ya mkewe yaenee mjini, basi. Mti ulikuwa mgonjwa, naye hakuukagua. Nani angemkagua mama yako?

Alilifunika banda la miche hiyo kwa turubai. Nikamsihi awaambie watu, akanijibu kwamba waliomzoea akija na dawa watamwonaje akija na ugonjwa. Aibu ilikuwa imemkaba. Sikubishana naye, ila kila nikipita pale nilikuwa nalitazama turubai kwanza, kisha namtazama yeye. Unajua ninavyoweza kukera.

Mkutano uliofuata hakuhutubia. Alisimama mbele yetu sisi watatu akasema, "Nimevunja kanuni niliyoitunga. Kitalu changu kinaumwa, na peke yangu sikiwezi. Naomba mnisaidie." Akaketi. Bi Waridi, ambaye ulimi wake unaujua, alichukua simu akatoka nje kuwapigia wanachama.

Asubuhi yake walikuja, binamu. Walikuja hata wale niliokwisha kuwatoa kwenye hesabu ya watu. Waliweka langoni dawa ya kuoshea viatu wakitoka, wasibebe ugonjwa kwenda kwao, kisha wakaingia bandani kung'oa na kuchoma, huku wakibishana na kutaniana kama watu wa harusini. Katikati ya kazi wawili wakakiri kwamba nao wameona majani kama yale wakaficha. Mjomba akaanza kuhangaika na birika la chai, ndipo Kobe akamnyang'anya.

"Mwenyekiti," akamwambia, "kwako tumekuwa wageni siku zote. Unatupa chai, unatupa majibu, tunaondoka. Hujawahi kutuomba hata ndoo."

Nilitaka kumkasirikia Kobe nikashindwa, kwa kuwa ni kweli.

Ukabaki mchungwa. Baba yako alishika shoka, akaligusa gome, akasimama tu. Hatukujua tutazame wapi. Kisha akamgeukia Kobe akamwomba amkatie. Nililia, na sioni haya kukwambia.

Tangu hapo mikutano inazunguka, mara kwa huyu mara kwa yule, na tunazungumza huku mikono inajaza vifuko. Bi Waridi amepewa ukaguzi wa miti, na anapoonekana kwa mbali watu huanza kufagia. Wenzetu wametupa miche ya kuanzia upya, kila mmoja akisifia yake. Mjomba bado ni mwenyekiti, ila siku hizi anakatizwa maneno, na nadhani anapenda.

Nisalimie wifi sana. Watoto waambie shangazi yao anawabusu, hata yule mkubwa anayejifanya hapendi. Mama anakusalimu, na kama kawaida yake anauliza kama unakula. Bi Waridi naye anakusalimu, na anasema hajasahau maua uliyokuwa ukimwibia.

Halafu kuna salamu za baba yako. Kila nikikuandikia humuuliza kama ana neno, na miaka yote hujibu lile lile, kwamba huku hakuna shida, usijisumbue. Leo aliweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye suruali.

Akasema, "Mwambie namwomba aje."

Mungu akufungulie njia.

Ni mimi binamu yako, nisiyechoka kukupenda.