Ng'ombe wa Ekisa

Mjukuu wangu Atyang,

Hapa Kitale tu wazima, na nyanya yako ameacha mkongojo. Unauliza kwa nini kanisani siombi kwa sauti.

Miaka ya sitini, kule Malaba, rafiki yangu Ekisa, niliyechunga naye utotoni, alisimama ibadani akamshukuru Mungu kwa ng'ombe wake, akiwataja mmoja mmoja kwa jina. Mimi niliyejua kusoma nilimkatiza mbele ya watu: "Hivyo siyo kuomba." Akaketi.

Jumapili iliyofuata alinisubiri mlangoni. "Haya mwalimu, nifundishe. Hao ng'ombe niwaache nje?"

Nilimpita nikaingia ndani. Alinitania, au alitaka kweli kujifunza? Nilihama kabla ya kumuuliza, na mpaka leo sijui. Lakini nikiomba peke yangu huanza na ng'ombe wake, wale ninaowakumbuka majina.

Babu yako