Gogo Chini ya Pikapu

Jumatano, jioni

Kumbe barabara ya Dutwa haikuwa na kosa. Wiki nzima nimeilaumu, huku mke wangu Kabula, mwenye mimba ya miezi minane, akishika tumbo kila pikapu inaporuka.

Leo fundi Hamisi alikuja nyumbani, akaikandamiza pikapu kila pembe kwa mikono miwili. Nyuma ilizama, ikarudi, ikatulia. Mbele kushoto haikushuka hata kidogo. Akaingia chini, akatoka akinitazama kwa huruma.

"Shokapu imekufa, mafuta yote yamevuja. Halafu kuna gogo kwenye springi. Limefungwa kwa mpira."

Masanja, kaka yake Kabula, alikuwa amesimama nasi. "Niliweka mimi, shemeji," akasema bila aibu. "Ilikuwa inanesa mno. Nikaona niisaidie."

Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba, pikapu hiyo imeibeba bila malalamiko. Pamba haina mgongo.

Shokapu mpya ni mpaka Mwanza, na kliniki ilikuwa leo. Kabula alikataa kabisa kupanda. Akaenda kwa mkokoteni wa maksai wa Masanja. Mimi nikafuata nyuma na pikapu tupu, gia ya kwanza, njia nzima. Mimba mbili zimeshaharibika. Nisingeweza kubaki nyumbani.

Nesi alimpima, akasema mtoto anacheza vizuri. Kisha akachungulia dirishani. "Na hilo gari?"

"Linasindikiza ng'ombe," Kabula akajibu.

Nikatoka nje, nikainama kama ninayekagua tairi, wasione ninavyolia.