Sare ya Harusi ya Video

Jumamosi, Mount Dennis. Bado tumefungiwa ndani kwa korona.

Mungu anisamehe, raha imenikolea. Miezi minne sijashona sare ya harusi ya mtu, sijachangia kamati yoyote, na akiba yangu sasa inafanana na ya mtu mwenye akili.

Leo kapiga simu Mama Neema, mwenyekiti wa kamati zote za Watanzania hapa Toronto. Neema wake anaolewa kwa video, kila mtu akiwa kwake.

"Mchango uko palepale, mwanangu. Sare ni zambarau."

"Na pilau, mama?"

"Utajipikia."

Nikamwambia basi nitashona blauzi tu, kamera haioni sketi. Tukacheka mpaka akakohoa. Tangu Krismasi sijacheka na mtu, televisheni haihesabiki.

Mchango nimetuma. Sketi nayo nitashona, mjinga mimi.