Nukta Tatu Kwenye Bushi ya Shaba

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeitikia marahaba bila kuinua macho, maana lazima kungekuwa na kitu mkononi umekifungua. Leo mimi ndiye mwenye kitu mkononi. Ni ile bushi ya shaba iliyolika, kile kipete cha kushikia mhimili wa injini, tuliyozunguka nayo Kariakoo mpaka viatu vyangu vikaachia soli. Nimeitunza miaka yote hii kwenye kopo la vifungo. Kuna jambo juu yake sikukwambia.

Unakumbuka ile injini ilivyoingia nyumbani? Mjomba Hamisi, kaka yake Mama, aliinunua kwenye mnada wa vitu vya mradi wa serikali uliofungwa, akaileta uani kwetu Ilala kwa mkokoteni, imelala chini ya gunia. Injini ya boti, ile ya kufunga nyuma. Haina kibao cha jina, haina namba, imepakwa rangi juu ya rangi mpaka skrubu zimezama. Mama aliacha kukuna nazi akaja kuitazama.

"Hiki nacho nini, Hamisi?"

"Injini, dada."

"Ya kampuni gani?"

"Hapo ndipo shemeji atatuambia," Mjomba akacheka. Halafu akasema Ijumaa ikifika haijawaka, anaipeleka kwa wauza vyuma chakavu.

Wewe hukucheka. Ilikuwa miezi saba tangu shirika lenu lipunguze watu, wewe ukiwemo. Maisha yako yote ya kazi ulisimama karakana kwenye mashine ya kukereza vyuma, mkichonga spea za kila mradi ulioleta kitu kibovu, kisha kijana mwenye tai akawaambieni kwamba siku hizi spea zinanunuliwa, hazichongwi. Maneno hayo uliyarudia kila tukikaa kula. Na vitu vidogo vilikuwa vimeanza kukuponyoka. Ulitia chumvi kwenye chai. Siku moja ulisimama nje ya mlango wetu ukaniuliza kama ndipo hapa. Mama alisema ni mawazo ya kukaa bila kazi, nami nilitaka sana iwe hivyo. Kwa hiyo ulipoomba msasa na kisu, nilikimbia kuvileta.

Tulianza na kofia, lile funiko la juu. Kijivu, chini yake kijani, chini ya kijani buluu, na chini ya buluu, herufi. "Mama, soma hapo," ukaniambia. Uliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yako, na uliniachia kusoma kwa sababu macho yangu yalikuwa mapya. Nikasoma: jina la Kijapani ambalo hata mtoto wa chekechea angelitambua. Tulishangilia pale uani utadhani tumeshinda mechi.

Basi tukaenda Kariakoo. Maduka niliyoyajua nikiwa shule ya msingi, yenye kaunta tupu na karani anayesinzia, sasa yalikuwa yamejaa mpaka darini, mabelti na bearingi na mapropela yamening'inia mlangoni. Ruksa ilikuwa imeingia, biashara imefunguliwa. Ulitembea mikono nyuma, kama mtu aliyealikwa harusi ya watu asiowajua, ukisimama kila hatua tatu kuuliza hiki kinatoka wapi na kile kinaingia wapi. Vijana wa madukani wakakuamkia vizuri, kisha wote wakauliza jambo lile lile: "Sampuli unayo, mzee?" Bila kitu cha zamani mkononi, hakuna anayekusikiliza.

Sampuli ulikuwa nayo. Ulishafungua mguu wa injini ukakuta bushi inayoshika mhimili wa propela imelika, mhimili unacheza. Ukatoa bushi mfukoni, ukataja jina la Kijapani kwa sauti, tukapewa mpya iliyofungwa kwenye plastiki. Nyumbani ikakataa. Ilikuwa kubwa mno, haikuingia hata kwenye tundu lake.

Mtu mwingine angetukana. Wewe ulikaa kwenye kigoda ukaitazama nati moja muda mrefu. Ukajaribu spana ya milimita, ikalegea. "Lete ya nusu inchi." Ikakaa, kimya kabisa. Ukaanza kucheka mpaka ukakohoa.

"Mama! Mjapani hafungi kwa inchi, inchi ni za Mwingereza. Kofia hii ya kuazima! Tumekalia kusoma kofia, mwenyewe hata hatujamwangalia usoni."

Sijawahi kukuona na hamu kama ile. Kesho yake tulikuwa Kariakoo kabla maduka hayajafunguliwa. Duka baada ya duka walipima bushi yetu, wakatikisa kichwa. "Mzee, hii haipo Bongo nzima," kijana mmoja akasema. Nilianza kuchoka. Wewe ulizidi kuuliza: kama haipo kwa Mjapani, haipo kwa Mwingereza, basi imetoka wapi?

Ndipo tukafika kwa mzee Jayanti, yule Mhindi ambaye wenzake waliweka makabati ya vioo na yeye akabaki na droo zake za mbao. Hakuuliza jina la injini. Aliuliza mguu wake umekaaje, tundu la kunyonyea maji liko upande gani, kamba ya kuwashia inavutwa wapi. Kisha akatoa kitabu kisicho na jalada, akafunua, akageuza ukurasa kwetu. Picha ilikuwa ya injini yetu yenyewe, bila kofia ya kuazima.

"Ya zamani sana. Baba yangu aliuza hizi," akasema. "Bushi yake iko."

Akatoa droo ya chini kabisa. Ile ya kiwandani ilikuwa nyembamba, yetu nene karibu mara mbili. Mzee Jayanti akaziweka pamoja, akaikodolea macho ile yetu.

"Hii yako kiwanda hakuna. Mhimili ulilika, fundi akaukereza ukawa mwembamba, halafu akachonga bushi nene kuufuata. Zamani spea hakuna, watu walifanya hivi. Huyu alijua kazi. Ona, ameweka alama."

Akakupa lenzi. "Nukta tatu," ukasoma polepole, "na mstari chini yake."

Mimi sikuhitaji lenzi. Nukta hizo nimezishika kwa vidole tangu sijaanza shule. Zipo kwenye ulimi wa mbuzi ya nazi uliomchongea Mama. Zipo kwenye komeo la mlango wetu, na kwenye kila bisibisi ya sanduku lako. Nikasubiri ucheke kama ulivyoicheka kofia.

Ulirudisha lenzi. "Nani huyu?" ukauliza. "Jamaa ana mkono mzuri."

Nilifumbua mdomo. Ulikuwa umechangamka sana, Baba, tangu miezi saba ile sijakuona hivyo. Nikasema, "Sijui."

Njia nzima ulikuwa unasema peke yako, "Kumbe zinachongwa." Alhamisi tukaenda mtaa wa Gerezani kwa rafiki yako mwenye mashine ya kukereza. Nilikuwa nimeandika vipimo vyote kwenye karatasi, hukuiangalia hata mara moja. Mkono ulikwenda wenyewe. Bushi ilipopoa ukachukua patasi ndogo na nyundo. Ko, ko, ko, nukta tatu, kisha mstari. Ukaziweka mbili mkononi, ya zamani na mpya, na uso ukabadilika.

"Astaghafiru," ukasema. "Nimemwiga mpaka alama yake. Huu ni wizi, mama. Lete tupa niifute."

Nilikushika mkono. "Iache, Baba. Hatakasirika."

"Unajuaje?"

"Fundi wa namna hiyo hakasiriki."

Ijumaa injini iliwaka ndani ya pipa la maji uani, mvuto wa tano. Kanga ya Mama ililowa yote na Mjomba Hamisi akacheza peke yake kwenye moshi. Wewe ulikaa kwenye kigoda umeshika ile bushi ya zamani. "Angekuwepo yule fundi akaiona," ukasema.

Ulimtafuta, Baba. Kila mgeni mwenye grisi kwenye kucha ulimuuliza kama anamjua fundi wa nukta tatu. Wenzako wa karakana walikuangalia, wakaniangalia mimi, nami nikawaomba kwa macho wanyamaze. Uliuliza hata ulipokuwa hujui tena jina la mtaa wetu. Uliuliza hata ulipoacha kuniita mama.

Niliogopa kwamba nikikwambia, utajua umepoteza nini. Nilidhani nakuhurumia. Siku hizi nikiishika bushi hii nafikiri nilikunyima, na inaniuma. Jibu lilikuwa kwangu siku zote, na wewe hukuwahi kumnyima mtu jibu.

Basi pokea sasa, hata kama nimechelewa. Fundi yule amepatikana. Alikuwa anaishi Ilala, alitia chumvi kwenye chai, na Alhamisi ile Gerezani hakuiba alama ya mtu yeyote. Mkono ule ulikuwa wako.

Lala salama, Baba.

Ni mimi mwanao, uliyekuwa ukimwita mama,
msomaji wa alama zako.