Jumatano Hawaimbi

Skegness,
Jumatatu, 3 Machi

Lorna mwanangu,

Salamu nyingi. Habari za miaka mitano? Natumaini koo halijakusumbua, maana Machi ndiyo huwa inakukamata. Mimi mzima, ila goti la kulia limestaafu pamoja nami. Simu zangu hupokei, kwa hiyo nimenunua stempu.

Shangazi yako ameniambia siku hizi unaimba katika kwaya ya kanisa kuu la Lincoln, sala za jioni, saa kumi na moja na nusu. Nataka kuja kukusikia. Unanijua: mchana wanatoza watalii mlangoni, na mimi silipi kuingia nyumba ya Mungu, lakini wakati wa sala mlango ni bure. Basi nalo ni bure kwa kadi yetu ya wazee, mradi nisipande kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Shida ni kurudi. Basi la mwisho linaondoka saa kumi na mbili kamili, nanyi mnamaliza robo saa baadaye. Ningelazimika kutoka katikati, na hilo silitaki tena.

Kwa hiyo nimekodi chumba, usiku mmoja tu, chini ya kilima cha kanisa, Jumatano tarehe 19. Katikati ya wiki ndipo bei hushuka mpaka mtu kama mimi akaifikia.

Si lazima uongee nami. Nitakaa nyuma, nitasikiliza mpaka mwisho, nitakwenda kulala. Kama kuna jambo ninalopaswa kujua, niandikie.

Baba yako


Skegness,
Ijumaa, 21 Machi

Lorna,

Hujambo? Mimi nimerudi salama.

Nilikuja. Nilipanda kile kilima kwa awamu nne. Kila goti lilipogoma nilisimama mbele ya dirisha la duka nikajifanya nachagua birika la chai. Mwenye duka akatoka. "Mzee, umelipenda lile la bluu?" Nikamwambia bado nafikiria. Nilikuwa nimevaa suti, ile ya msiba wa mama yako, sina nyingine.

Tuliingia watu kumi na mmoja. Nikakaa nyuma kama nilivyoahidi. Akaja padri peke yake, akafungua kitabu, akasoma. Akasoma mpaka mwisho, akafunga kitabu. Dakika ishirini. Viti vya kwaya vilikuwa vitupu.

Nikamwendea bawabu wa kanisa, yule mrefu mwenye joho jeusi, Bwana Tuxford.

"Kwaya iko wapi?"

"Jumatano hawaimbi, bwana. Ni siku yao ya kupumzika."

"Tangu lini?"

"Tangu mimi sijaota ndevu. Hapa mjini kila mtu anajua."

Kila mtu anajua. Basi na wewe ulijua, na barua yangu ulikuwa nayo wiki mbili. Sikulaumu, Lorna. Ila nilivyoteremka kile kilima niliona aibu, mimi na suti yangu.

Nilikuwa nimekuletea mkate wa zabibu, nimeuoka kwa daftari la mapishi la mama yako. Nilimwachia Tuxford akupe.

Baba


Lincoln,
Jumapili, 30 Machi

Baba,

Habari za huko? Goti linaendeleaje?

Ni kweli nilijua. Barua yako ilikaa juu ya meza ya jikoni siku zote zile, na kila asubuhi nilikunywa chai mbele yake. Ningeandika maneno mawili tu: njoo Alhamisi. Sikuandika. Nilitaka ukae pale uisubiri sauti yangu isije, upate kujua nilivyojisikia.

Maana nawe unakumbuka. Siku ya kumzika mama nilisimama kumwimbia, na kabla sijamaliza ubeti wa kwanza uliinuka ukatoka. Kanisa zima lilikuona. Niliimba beti tatu zilizobaki nikiutazama mlango uliopitia ukitoka. Tangu siku nilipoacha kazi ya benki ulikuwa ukisema kuimba si kazi. Nikasema sawa, hata leo ameshindwa kunivumilia.

Jumatano ile nilikuwa nyumbani namenya viazi. Ilipofika saa kumi na moja na nusu nikakaa kwenye ngazi, kisu mkononi, nikakuona akilini waziwazi na suti yako. Nilidhani nitafurahi. Baba, sikufurahi hata kidogo.

Mkate niliula wote, na siagi, nimesimama. Umezidisha viungo kama mama alivyokuwa akizidisha.

Nijibu swali moja. Kwa nini ulitoka?

Mwanao


Skegness,
Ijumaa, 11 Aprili

Mwanangu Lorna,

Salamu. Samahani nimechelewa, barua hii nimeianza mara sita.

Ulipofungua kinywa ilitoka sauti ya mama yako, Noreen. Sisemi ilifanana. Ilikuwa ileile niliyoisikia miaka arobaini ikitoka jikoni akiosha vyombo, nami nikimpigia kelele apunguze nisikie matokeo ya mpira. Na yeye alikuwa pale mbele, ndani ya sanduku. Miguu ikanitoa nje. Nilisimama nyuma ya ukuta wa kanisa nikalia mpaka Pauline, mwenzangu wa kazi, akaja kunishika mkono. Niliporudi ulikuwa umeshamaliza, nawe umekunja uso. Nilipaswa kukwambia siku ileile. Nikaona haya, kisha ukaondoka, kisha ikawa mwezi, ikawa mwaka.

Kuhusu kuimba si kazi, nilisema, na nilikosea. Hapo hakuna la kutetea.

Mama yako namkumbuka kila siku, lakini najua hakuna basi la kwenda aliko. Wewe uko hai. Uko mwisho wa njia niliyoendesha basi mwenyewe miaka thelathini na moja, nami nimekaa huku nikitazama mabasi yakija kwako bila mimi. Nina hamu nawe mpaka inauma.

Chumba siwezi kukodi tena mwaka huu. Lakini Alhamisi tarehe mosi Mei nitakuja kwa basi la bure, nikusikie nusu. Ikifika robo kabla ya saa kumi na mbili itanibidi nitoke, niteremke kilima niwahi. Nakuomba wakati huo usiangalie upande wangu.

Baba yako


Lincoln,
Jumapili, 20 Aprili

Baba mpendwa,

Heri ya Pasaka. Leo tumeimba mara tatu na sauti imebaki ya kunong'ona tu.

Barua yako nimeisoma kwenye ngazi, palepale. Laiti ungeniambia mapema. Nimekuwa nikimlilia mama peke yangu miaka mitano, na kumbe kuna mtu mwingine anamlilia huko Skegness, na ni baba yangu.

Lakini sitakudanganya. Ukitoka katikati, hata kwa sababu ya basi, sitaweza. Najua ni ratiba tu. Mwili wangu haujui ratiba, ukiuona mgongo wako unaelekea mlangoni sauti itakatika mbele ya watu wote, na siku hiyo nina sehemu ya kuimba peke yangu, kuelekea mwishoni.

Ningepaswa kusema njoo ulale kwangu. Bado sijafika hapo, baba. Nikisema leo nitakuwa naandika maneno matupu. Kwa hiyo ni afadhali usije, tungoje kidogo.

Usikasirike. Paka mafuta hilo goti.

Mwanao Lorna


Kanisani, Lincoln,
Alhamisi, 1 Mei

Lorna,

Naandika nyuma ya karatasi ya sala, kalamu ni ya Tuxford. Kasema atakupa ukiwa unavua joho.

Uliniambia nisije, nami nimekuja. Nilikaa nyuma ya nguzo ili usinione. Asubuhi nilimwambia Pauline, ndiye dereva wa zamu, kwamba saa kumi na mbili asinisubiri.

"Desmond! Wewe, uachwe na basi?" akacheka. "Unaumwa?"

"Nenda kwa saa yako, Pauline."

Ilipofika robo kabla, miguu ilianza yenyewe. Ilikuwa inajua kazi yake. Nikashika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Kisha ukasimama peke yako, na saa ya mnarani ikagonga saa kumi na mbili wewe ukiwa katikati ya wimbo, na Noreen alikuwemo mle ndani, mwanangu, mzima kabisa, nami nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilimsikiliza yeye, halafu nikakusikiliza wewe, kwa sababu ile sauti ya juu kabisa yeye hakuwahi kuifikia.

Sikutoka.

Miaka thelathini na moja sijawahi kuachwa na basi. Leo limeondoka. Usihangaike, sijaja kukudai kitanda, nitajua la kufanya. Nitakuwa kwenye benchi nje ya mlango wa kusini, na nimebakiza sandwichi mbili za yai. Moja haina pilipili manga, kama unavyopenda.

Baba